Kung fu isiyogusana ni ngoma tu

Ukiacha kandanda, michezo ya kigeni iliyowateka vijana wa nchi hii kama kung fu ya Wachina ni michache. Tangu filamu za Bruce Lee zilipoanza kuvuma katika miaka ya 1970, na hasa baada ya kumbi za video kuenea hadi masoko ya mashambani, kizazi baada ya kizazi kimejifunza kurusha mateke kwa kutazama kioo. Uriri haikuachwa nyuma. Katika barabara ile itokayo Kisii ikapitia Rongo na Awendo hadi Migori na Isebania, hukosi kuwakuta vijana wanaojua mtindo wa korongo, wa nyoka na wa tumbili. Si ajabu pia siku ya wazazi shuleni kupambwa na kikundi cha wanafunzi wakipiga ngumi hewani kwa pamoja, huku wageni wakiwashangilia.

Hatuna ugomvi na shangwe hizo. Lakini lipo swali ambalo mgeni wa heshima hamwulizi mkufunzi, na mzazi hamwulizi mwanawe. Je, mwanafunzi huyu aliyepiga ngumi mia moja hewani amewahi kupambana na mtu mmoja asiyetaka kupigwa, anayesogea, anayeshika, anayesukuma na kurudisha? Ikiwa jibu ni la, basi alichojifunza ni ngoma. Ni ngoma nzuri, yenye afya na nidhamu, lakini ni ngoma.

Msimamo wetu ni huu: sanaa ya mapigano ya Kichina ikifundishwa katika shule na vijiji vya Uriri, ifundishwe kwa mapambano ya kweli, yenye kanuni, kinga na usimamizi. Iwapo hilo haliwezekani, basi iitwe kwa jina lake la haki, mchezo wa viungo na maonyesho, na asiambiwe mtoto yeyote kwamba itamlinda siku ya hatari.

Jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Mwanafunzi wa kutwa katika sehemu hizi hupita alfajiri na jioni katika vijia vilivyobanwa na mashamba ya miwa, na miwa iliyokomaa humzidi mtu kimo na huficha mengi. Msichana aliyeambiwa kwamba miondoko yake ishirini inamtosha, naye hajapata kuijaribu hata mmoja kwa mtu aliyemshika mkono kwa nguvu, amepewa ngao ya karatasi. Pengine angalikimbia mapema, au angalipaza sauti, kama asingalidanganywa kwamba ana silaha. Ujuzi wa uongo una hatari kuliko ujinga, kwa maana mjinga huogopa na kujihadhari.

Wako watakaodhani kwamba lawama hii ni ya watu wa nje wasioielewa sanaa ya Mashariki. Kinyume chake, lawama hii ni ya Wachina wenyewe, tena ni ya kale. Jenerali Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia wa pwani ya China katika karne ya 16, aliandika kitabu cha kuwafunza askari. Ndani yake alieleza mazoezi ya ngumi kuwa ni ya kuujenga mwili na kuuandaa, na akaonya juu ya miondoko ya mapambo inayopendeza macho lakini haimfai askari vitani. Aliyesema hayo alikuwa kamanda aliyeona kwa macho yake askari yupi alirudi na yupi hakurudi.

China ilikuja kulipa gharama kubwa kwa kusahau onyo hilo. Mwaka 1900 wafuasi wa chama cha Yihetuan, ambao wageni waliwaita Mabondia, waliinuka dhidi ya mataifa yaliyokuwa yakiinyonya nchi yao. Sababu yao ilikuwa ya haki, na ushujaa wao hauna shaka. Lakini wengi wao waliamini kwamba mazoezi na matambiko yao yameifanya miili yao isipenywe na risasi. Agosti ya mwaka huo majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing, na imani hiyo ikazikwa pamoja na waliokuwa nayo.

Mwanafunzi wa historia hana haja ya kwenda China ili kulielewa hilo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1905, ndugu zetu wa kusini mwa Tanganyika waliwainukia Wajerumani katika vita vya Maji Maji, wakiamini kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale yangezigeuza risasi kuwa maji. Maji hayo yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja, na kwa hilo historia itayaheshimu daima. Hata hivyo hayakuzuia risasi, na watu waliokufa kwa silaha na kwa njaa iliyofuata walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hatuyataji haya ili kuwadhihaki mashujaa. Twayataja kwa kuwa yanatufunza kwamba imani ambayo haikujaribiwa mahali salama hujaribiwa na adui, na adui hatoi nafasi ya kurudia mtihani.

Wachina walijifunza. Mwaka 1928 serikali yao ilianzisha mjini Nanjing taasisi kuu ya sanaa za mapigano, na mwaka huohuo ikaandaa mashindano ya taifa ambamo mabingwa wa mitindo mbalimbali walipanda jukwaani na kupigana. Kinga zilikuwa haba, kanuni zilikuwa changa, na majeruhi walikuwa wengi. Funzo likawa na pande mbili: kwamba sifa ya mtindo haimwangushi mtu, na kwamba mapambano yasiyo na kanuni huwamaliza wanafunzi kabla hawajafunzika.

Baada ya mapinduzi ya 1949 serikali mpya ilitilia mkazo upande wa maonyesho, yaani miondoko iliyopangwa na kupewa alama na waamuzi, ambayo Wachina huiita taolu. Mwaka 1979 ndipo majaribio rasmi ya mapambano yalipoanza tena, na kutokana nayo ukazaliwa mchezo uitwao sanda. Wachezaji wawili hupambana juu ya jukwaa la mraba lenye mita 8 kila upande, kwa mizunguko ya dakika 2, na mwenye kushinda mizunguko miwili kati ya mitatu ndiye mshindi. Huruhusiwa ngumi, mateke na kumbwaga mwenzako chini, na anayemsukuma mpinzani nje ya jukwaa hupata faida. Hairuhusiwi kupiga kisogo, shingo wala sehemu za siri, wala kutumia viwiko na kichwa. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wushu, jina linalojumuisha sanaa hizi zote, yalifanyika Beijing mwaka 1991, na leo taolu na sanda ni matawi mawili ya mti mmoja.

Kwa hiyo mkufunzi anayesema kwamba kung fu ya asili haina mapambano, au kwamba mapambano ni uchafu ulioletwa na wazungu, anawanyima wanafunzi wake nusu ya urithi anaojidai kuulinda. Aprili 2017, katika mji wa Chengdu, mpiganaji wa ulingoni aitwaye Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei, mkufunzi wa tai chi. Pambano halikufika nusu dakika, na mkufunzi alikuwa chini. Wachina wengi walikasirika. Hata hivyo pambano lile halikuthibitisha kwamba tai chi haina maana. Mamilioni ya wazee hupata afya na utulivu kutoka kwayo. Lililothibitishwa ni kwamba mtu asiyezoea kupigwa hushangaa anapopigwa, na mshangao huo ndio unaomshinda kabla ya ngumi.

Sasa tuje kwa hoja ambayo hutolewa mara nyingi kuliko zote. Husemwa kwamba mbinu za kung fu ni za kuua, kuchoma jicho, kupiga koo, kuvunja goti, na kwamba kwa sababu hiyo haziwezi kujaribiwa kwa nguvu. Hoja hii ina sura ya hekima, lakini ilikwisha kujibiwa na mwalimu mwenzenu zaidi ya karne moja iliyopita.

Mwalimu huyo ni Kanō Jigorō wa Japani. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, alianzisha mjini Tokyo shule ya Kodokan na mchezo wa judo. Baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha kufunzia walimu, na mwaka 1909 akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kanō alizichambua mbinu za zamani za kupigana kwa mikono, akaziweka kando zile zilizo hatari mno. Hakuzitupa; alizihifadhi katika miondoko iliyopangwa ili zisisahaulike. Zile zilizobaki, za kushika, kubwaga na kukaba, aliwaruhusu wanafunzi wake wazifanye kwa nguvu zote, kila siku, dhidi ya mwenzao anayekataa.

Hapo ndipo penye fumbo, na twawasihi wasomaji walitafakari. Kwa kuziondoa mbinu za kuua, Kanō aliufanya mchezo wake uwe na nguvu zaidi. Mwanafunzi aliyembwaga mtu anayepinga mara elfu moja ana kitu mikononi mwake. Aliyefundishwa kuchoma jicho, naye hajawahi kuchoma jicho la mtu yeyote, ana hadithi tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mbinu ya kuua isiyoweza kufanyiwa mazoezi ndiyo fimbo ya mbali. Ubwagaji wa kawaida uliozoeleka ndio fimbo iliyo mkononi.

Bruce Lee mwenyewe, ambaye picha yake imebandikwa katika vyumba vingi vya vijana, alifika palepale kwa njia yake. Mwaka 1964, mjini Oakland, Marekani, alipigana faraghani na Wong Jack Man. Habari za pambano lile zinatofautiana kwa kila msimulizi, lakini lililo wazi ni kwamba Lee hakuridhika na jinsi alivyopigana. Alianza kuukosoa mtindo aliofunzwa utotoni, akachota kutoka ndondi na mieleka, akawavisha wanafunzi wake glavu na kinga ili wapigane kwa nguvu, na mwaka 1967 akaupa mwelekeo wake jina la Jeet Kune Do. Kijana anayeiga mayowe ya Lee katika filamu na kuyasahau mazoezi yake ameokota ganda akaacha kiini.

Wala sisi hatuhitaji kuazima wazo hili kutoka ng'ambo. Waluo wana mieleka yao, olengo. Katika olengo hakuna cheo cha kujitwalia wala mkanda wa kununua. Kijana huingia uwanjani, akashikana na mwenzake, na watazamaji wakaona nani yuko chini. Hapo hapana nafasi ya kubishana juu ya nadharia. Aliyebwagwa huinuka, akapangusa vumbi, akajua la kurekebisha.

Wachina nao wana mieleka yao ya kale iitwayo shuai jiao, na mbinu nyingi za kubwaga zinazotumika katika sanda zimetoka humo. Mtoto wa Uriri aliyecheza olengo malishoni amekwisha kuvuka kizingiti cha sanda bila kujua. Anajua uzito wa mtu anayekataa kuanguka. Ni kitu cha kusikitisha kumchukua mtoto kama huyo, kumpanga mstari na kumfundisha kupiga hewa, kana kwamba alikuja mikono mitupu.

Tukisema hivi hatusemi kwamba vijana waachiliwe wapigane kama majogoo. Nchi hii inajua gharama ya ngumi. Robert Wangila aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, wa kwanza kutoka nchi yetu kufanya hivyo katika mchezo huo. Julai 1994 alifariki mjini Las Vegas kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Alikuwa bingwa, alikuwa na refa, alikuwa na glavu, na bado kichwa cha binadamu kilibaki kuwa kichwa cha binadamu. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga ndondi kwa watoto na vijana, kwa sababu hiyohiyo: ubongo unaokua haupaswi kuwa shabaha.

Tunalikubali onyo hilo bila kulipunguza. Lakini linatutaka tuwe waangalifu na maana ya maneno. Mapambano ya kweli si lazima yawe mapigo ya kichwani. Kinachoyafanya yawe ya kweli ni kwamba mwenzako anapinga kwa nguvu na kwa akili yake mwenyewe. Mieleka ni mapambano ya kweli, na haina ngumi hata moja. Mtoto anaweza kusukumwa, kushikwa, kubwagwa na kupigana kwa nguvu zake zote kwa muda wa miaka, bila mtu yeyote kukigusa kichwa chake. Kuchagua kati ya hewa na ubongo ni kuchagua kwa mtu ambaye hajaitazama njia ya katikati.

Njia hiyo ya katikati yaweza kupangwa kwa ngazi, kama somo lolote jingine. Ngazi ya kwanza ni kuanguka. Kabla mtoto hajafundishwa kumbwaga mtu, ajue kuanguka bila kuvunja kiwiko wala kugonga kisogo, kwanza akiwa amechutama, kisha akiwa amesimama. Ngazi ya pili ni kupiga kitu kinachopokea uzito: gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, mto ulioshikwa na mwenzake anayesogea. Hapo kwa mara ya kwanza atagundua kwamba ngumi aliyoipenda hewani inapinda kiganja, na kwamba teke lake zuri linamwangusha mwenyewe. Ngazi ya tatu ni mieleka ya nguvu zote, olengo na shuai jiao kwa pamoja, wanaopambana wakiwa na umri na uzito unaokaribiana. Ngazi ya nne ni glavu na kinga ya kifua, mapigo yakiwa ya kiwiliwili na mapajani tu. Sanda kamili, yenye mapigo ya kichwani, ibaki kwa watu wazima waliotimiza miaka 18, waliochagua wenyewe, wenye kofia za kinga na kinga za meno, mbele ya mwamuzi aliyesomea kazi hiyo na mhudumu wa afya aliye uwanjani.

Miondoko iliyopangwa haina haja ya kufukuzwa. Ina kazi yake. Hunyoosha viungo, huhifadhi mbinu, hufunza utulivu, na kwa wenye kipaji ni njia ya mashindano: wushu imeingizwa katika orodha ya michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, Senegal, mwaka 2026. Lakini miondoko ni kama sarufi. Mtu akiijua sarufi yote ya lugha asiyowahi kuzungumza na mwenye lugha, hatumwiti msemaji.

Hapa walimu watatuelewa upesi. Kwa miaka mingi elimu yetu ilishutumiwa kwa kuwafanya watoto wakariri majibu wasiyoweza kuyatumia. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 uliletwa ili kuponya ugonjwa huo, na katika ngazi ya juu ya sekondari mojawapo ya njia tatu anazoweza kufuata mwanafunzi ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Itakuwa kichekesho shule ikihubiri umilisi darasani asubuhi, kisha jioni uwanjani ikakariri ngumi. Kipimo cha umilisi katika sanaa ya mapigano ni kimoja: je, unaweza kulifanya jambo hilo mbele ya mtu anayekuzuia?

Kuna wanaohofia kwamba mafunzo haya yatawafanya wanafunzi kuwa wagomvi, na kwamba shule zetu zina fujo za kutosha. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa pasipo pake. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwanafunzi anayetamba kwa majina ya mitindo mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kupimwa. Aliyebwagwa mara mia na rafiki zake, tena mbele ya watu, akainuka na kuwapa mkono, amejifunza kwamba daima yuko anayemzidi. Hata hivyo unyenyekevu huu hauji wenyewe. Huletwa na mkufunzi anayekomesha ufidhuli siku ya kwanza, na anayemwondoa uwanjani yeyote atakayetumia ujuzi wake kumwonea mdogo wake bwenini.

Kwa upande wa wasichana, nchi yetu ina ushahidi wake yenyewe. Katika mitaa ya Nairobi kama Korogocho, programu ya kujihami iliwafunza wasichana wa shule kwa saa chache tu. Hawakufunzwa mtindo wa korongo. Walifunzwa kuitambua hatari, kusema hapana kwa sauti kubwa, kupiga kelele, na mwishowe kupiga na kukimbia, tena kwa kuigiza hali halisi na kupiga kwa nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofunzwa walitumia mafunzo hayo kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Sauti ndiyo iliyotangulia mkono. Hata bibi wazee wa Korogocho, waliokuwa wakivamiwa majumbani mwao, walifunzwa kwa njia hiyo.

Uriri, Migori na Homa Bay zina la kujifunza hapo. Mara nyingi mshambuliaji si jambazi aliyejificha kwenye miwa. Ni mtu anayejulikana na anayeaminika, naye huanza kwa maneno. Mafunzo yanayoanza kwa teke la kuruka yameanza mwisho. Msichana afunzwe kwanza kusema, kisha kujinasua mtu anapomshika kweli, na afanye hivyo mbele ya mwalimu wa kike anayemwamini. Na isisahauliwe hata siku moja kwamba aliyeshindwa kujitetea hana kosa. Kosa ni la mshambuliaji peke yake.

Jambo la gharama lisitutishe. Shimo fupi lililojazwa unga wa mbao na kufunikwa turubai ni jukwaa zuri la kuangukia. Magunia hayakosekani katika nchi ya mahindi na sukari. Glavu na kinga za kifua zaweza kununuliwa chache na kutumiwa kwa zamu. Kinga za meno tu ndizo ambazo kila mtu sharti awe na yake. Kinachokosekana zaidi ni wakufunzi waaminifu, na hao hawanunuliwi dukani.

Kwa ajili hiyo, mwalimu mkuu anayeletewa mkufunzi mwenye mkanda mweusi na picha za kupendeza na amwulize mambo matatu. La kwanza: wanafunzi wako hupambana na mtu anayepinga, na wewe mwenyewe hupambana nao? La pili: mtoto akigongwa kichwa, unafanya nini? Ikiwa jibu si kumsimamisha siku hiyohiyo na kutomrudisha hadi mhudumu wa afya amruhusu, mkufunzi huyo na aage. La tatu: ni mbinu ipi uliyoiacha kwa sababu ulipoijaribu haikufaa? Mtu asiyewahi kuacha chochote hajawahi kujaribu chochote.

Zaidi ya hayo pawe na idhini ya mzazi kwa maandishi, na mapambano yasigeuzwe kuwa adhabu kamwe. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalithibitisha katazo hilo. Mwalimu asije akakirudisha kiboko kwa mlango wa nyuma, kwa kumpambanisha mtoto mkorofi na mkubwa kuliko yeye ati apate kukomeshwa. Siku hilo litakapotokea, mchezo utakuwa umekufa na ukatili umevaa glavu zake.

Matunda ya kazi hii si ya ndotoni. Katika taekwondo ya Korea, ambayo nayo huamuliwa kwa mapigo yanayofika, Kenya ilipeleka wachezaji katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na Faith Ogallo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, alifika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Hawakufika huko kwa kupiga hewa. Lakini hata asipotokea bingwa mmoja Uriri, tutakuwa tumepata kilicho bora zaidi: vijana wanaojua kwa hakika wanachoweza na wasichoweza.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkufunzi anayewaficha wanafunzi wake ukweli ili wasiumie vidole anawaandalia kilio kikubwa zaidi, mahali ambapo hatakuwepo kuwafuta machozi. Walimu, muulizeni mkufunzi wenu maswali hayo matatu kabla ya muhula kwisha. Wanafunzi, mtafuteni mwenzenu mmoja anayewalingana, mkubaliane kanuni, mwiteni mwalimu asimamie, mshikane. Atakayeanguka atakuwa amejifunza kuliko wote waliokuwa wakipiga makofi.